Udongo Wao Ukoje? Wiki Moja Bucharest, Julai 2019

Kazi yangu Vienna ni ya udongo. Kwenye klabu moja ya tenisi pembezoni mwa mji, mimi ndiye ninayefungua maji asubuhi, kuburuta wavu wa kusawazisha, kufagia mistari na kuziba mashimo ambayo wazee wa saa kumi jioni wanayaacha wakikimbilia mipira wasiyoweza kuifikia. Kazi yenyewe sikuisomea Ulaya. Nilifundishwa na baba mdogo, mtunza uwanja wa klabu moja Moshi, kwenye uwanja uliojengwa kwa udongo wa kichuguu.

Julai 2019 nilipata likizo ya wiki moja na akiba kidogo, nikaenda Bucharest kutazama mashindano ya tenisi ya wanawake, Bucharest Open. Niliandika kila siku, siku nyingine mistari miwili tu. Ninayanakili hapa karibu kama yalivyo. Nilipochomeka jambo lililotokea baadaye, mtaliona wenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Treni inaitwa Dacia, na ukiitazama utajua haikutengenezwa jana. Chumba kina vitanda sita. Mimi nimepata cha juu kabisa, chini ya dari, mahali ambapo joto la mchana kutwa limehifadhiwa kwa ajili yangu.

Abiria karibu wote ni Waromania wanaorudi kwao. Kitanda cha chini yupo mama wa makamo anayelea wazee Vienna: anakaa wiki kadhaa kazini, kisha anarudi nyumbani wiki kadhaa. Kabla treni haijatoka kituoni ameshanionyesha simu yake. Jana Simona Halep amemfunga Serena Williams fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya nyasi ya London, 6–2, 6–2 kwa dakika 56. Kabla yake hakuna Mromania aliyewahi kushinda pale mchezaji mmoja mmoja, mwanamume wala mwanamke. Mama alinitazama nikisoma zile namba kama mtu aliyekupa picha ya mjukuu wake.

Akaniuliza naenda Bucharest kufanya nini. Nikamwambia: tenisi.

"Simona atacheza?"

"Hayumo."

"Sasa unaenda kutazama nini?"

"Udongo," nikamjibu. Akadhani Kijerumani changu ndicho kibovu.

Lakini swali lake lina maana. Haya mashindano yamekaa mahali pa ajabu kwenye kalenda. Yanaanza Jumatatu, siku moja tu baada ya Wimbledon kwisha. Msimu mkubwa wa udongo ulishafungwa Paris mwezi Juni. Wachezaji wakubwa wametoka kwenye nyasi, wanapumzika, kisha wanaelekea Marekani kwenye viwanja vya sakafu ngumu. Anayekuja kwenye udongo Julai ni yule anayetafuta pointi za orodha ya ubora: wanawake 32, zawadi jumla dola 250,000, na pointi 280 kwa bingwa. Ndiyo daraja la chini kabisa la mzunguko mkuu wa wanawake. Mimi napenda mashindano ya namna hiyo. Kwenye makubwa unalipa nauli ya ndege kwenda kuwatazama watu walioshiba.

Usiku tumepita Budapest. Nilikuwa macho. Mashindano ya wanaume ya Bucharest, yaliyoanza mwaka 1993 kwenye viwanja hivihivi ninavyoviendea, yaliishia 2016, na mwaka uliofuata nafasi yake kwenye kalenda ikawa ya Budapest. Watu wengi hudhani mashindano ni mali ya mji. Sivyo. Ni kama leseni ya njia ya daladala: mwenye nayo anaweza kuiuza au kuikodisha, na kesho gari linabeba abiria wa barabara nyingine. Wa njia ya zamani mnabaki kituoni mnaulizana.

Jumatatu, 15 Julai

Mpakani tuliamshwa mara mbili, kwanza na Wahungaria, kisha na Waromania upande wa Curtici. Romania imo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini mwaka huo wa 2019 ilikuwa bado haimo kwenye Schengen, eneo la nchi zisizokaguana mipakani, kwa hiyo pasi zilikaguliwa. Askari kijana aligeuza kurasa za pasi yangu mbele, nyuma, kisha mbele tena, akaangalia kibali changu cha kuishi Austria. Akasema neno moja: "Serengeti." Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri.

Kulipokucha, alizeti. Ekari kwa ekari za alizeti, kisha mahindi, kisha nyasi kavu zimerundikwa kwa umbo la vibanda. Mchana tukaingia milimani, Sighișoara, Brașov, treni ikipanda taratibu kama lori la viazi. Mama wa kitanda cha chini alinipa nyanya mbili na kipande cha jibini ya chumvi. Alishuka Brașov. Tayari ameshanisamehe suala la udongo.

Gara de Nord tumefika alasiri. Joto la Bucharest ni la Dar mwezi wa pili, bila bahari. Chumba nimekipata mtaa wa Cotroceni, karibu na bustani ya mimea. Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika. Na huku kiangazi saa yao ni sawasawa na ya kwenu, hata dakika haizidi."

"Vizuri. Sasa niambie, udongo wao ukoje?"

"Sijauona bado, nimeingia sasa hivi."

"Basi nipigie ukishauona." Akakata.

Jumanne, 16 Julai

Kutoka kituo cha metro cha Eroilor natembea kwa miguu. Tiketi ya safari mbili ilikuwa lei 5, pesa ya Romania, sawa na euro moja na senti. Njiani wanauza matikiti maji yamepangwa mpaka nusu ya barabara, na covrigi, mikate ya mviringo yenye ufuta, moto kutoka tanurini.

Viwanja vinaitwa Arenele BNR. BNR ni Benki Kuu ya Romania, yenye mali. Wazee bado wanapaita kwa jina la zamani, Progresul. Uwanja wa kati unachukua watu elfu tano hivi, na kando yake vipo vidogo vilivyozungukwa na miti, ambako unakaa karibu na mchezaji kiasi cha kusikia anavyohema. Nilianzia huko. Uwanja wa kati tutaurudia.

Udongo basi. Wekundu wake umekolea kuliko wa kwetu Vienna. Asubuhi ukiwa umemwagiwa maji unafanana na nyama mbichi. Kufika saa sita mchana umepauka kama chungu cha zamani. Niliona jambo ambalo mtazamaji wa kawaida haliangalii: kona za nyuma, mahali mchezaji anaposimama kupokea, hazikuwa na mabonde. Aliyeburuta pale jana jioni aliburuta akizunguka kutoka nje kuja ndani, siyo kukata katikati apate kuwahi nyumbani. Nilijisikia aibu kidogo kwa niaba ya kazi zangu za Ijumaa.

Mechi ya pili niliyoitazama ilifika mahali mpira ukaangukia jirani na mstari wa nyuma. Mmoja akasema umetoka. Kwenye udongo wakati huo hakukuwa na kubishana na kompyuta, mpira unaacha alama. Mchezaji akaizungushia duara kwa raketi, mwamuzi akateremka kwenye kiti chake kirefu, akatembea mpaka pale, akainama. Uwanja mzima ukanyamaza kumtazama mtu mzima akichunguza vumbi. Akaonyesha kiganja chini: ndani. Mwenye kupoteza akaja kuangalia mwenyewe, akaifuta alama kwa kiatu. Sijui kama kuna mchezo mwingine ambao ushahidi unafutwa kwa mguu mbele ya hakimu.

Mistari yenyewe si chokaa. Ni mikanda ya plastiki imepigiliwa misumari ardhini, ndiyo maana inafagiwa kwa brashi yake maalumu, na ndiyo maana mpira ukiigonga huruka kihuni.

Ni hapa Oktoba 1972 ilipochezwa fainali ya Davis Cup, kombe la timu za mataifa, Romania na Marekani, mwezi mmoja tu baada ya mauaji ya michezo ya Olimpiki ya Munich, askari wamejaa kila kona. Romania ilikuwa na Ilie Năstase na Ion Țiriac, wote wawili wakiwa nyumbani, kwenye udongo, na nchi nzima ilishaanza kusherehekea. Stan Smith akamfunga Năstase siku ya kwanza 11–9, 6–2, 6–3. Enzi hizo Davis Cup haikuwa na taibreka, gemu ya kuamua seti iliyofungana, mlichezeana mpaka mmoja achoke. Țiriac akatoka nyuma kwa seti mbili akamfunga Tom Gorman. Wamarekani wakachukua mechi ya wawili wawili. Siku ya tatu Smith na Țiriac wakafika seti ya tano, Wamarekani wanalalamika kuhusu waamuzi wa mistari, watazamaji wanazomea, na Smith akaimaliza seti hiyo 6–0. Marekani tatu, Romania mbili. Mzee aliyekaa jirani yangu alipoona nasoma habari hizo kwenye simu, aliweka kidole juu ya jina la Smith, akatikisa kichwa. Miaka 47 imepita.

Jioni, simu.

"Mwekundu, baba mdogo. Mwekundu kama tofali."

"Unashika? Ukiuminya unashikamana?"

"Sijaugusa. Kuna uzio."

"Umeenda mpaka huko hujaugusa?"

Nikabadilisha mazungumzo. Nilimwambia kwamba Waromania wakimtia mchezaji moyo wanapiga kelele "Hai! Hai!", maana yake haya, twende. Baba mdogo kwao ni Machame, wilaya ya Hai. Akanyamaza kidogo.

"Wanaitaja wilaya yetu?"

"Kutwa nzima."

"Watu wa maana hao," akasema.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi mechi mbili, jua kali, hakuna cha kuandika. Mmoja wa waokota mipira, mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, amevaa kofia kubwa mno inamfunika macho.

Jioni mji wote umehama. Halep ameleta kombe la Wimbledon kwenye uwanja wa taifa wa mpira wa miguu, Arena Națională, na kiingilio ni bure. Nilikwenda kwa tramu iliyojaa watoto wenye bendera. Kwa mtu wa tenisi inachekesha: kwenye Arenele BNR kuna wanawake wanapigania pointi hizohizo za kuishi, na upande wa pili wa mji maelfu wamekuja kumwona mwanamke mmoja akipita na sahani ya fedha, maana kombe la wanawake la Wimbledon ni sahani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikwenda.

Amezaliwa Constanța, pwani ya Bahari Nyeusi, 1991. Kabla ya Wimbledon alikuwa tayari ana Paris, 2018, tena kwenye udongo. Na haya mashindano madogo niliyoyafuata yalianza naye: 2014, mwaka wa kwanza, alimfunga Roberta Vinci kwenye fainali 6–1, 6–3. Mwaka 2016 akarudi akachukua tena, na fainali hiyo ina habari yake.

Alicheza na Anastasija Sevastova wa Latvia. 6–0, 6–0. Fainali nzima Sevastova hakupata gemu hata moja, mbele ya watu waliokuja kumshangilia mwenzake. Mtu mwingine asingependa tena kusikia jina la mji huo. Sevastova alirudi 2018, kwenye udongo uleule, akamshinda Petra Martić fainali 7–6, 6–2. Nilipokuwa nimesimama kule juu kwenye ngazi za uwanja wa taifa, watu wanalia kwa furaha, nilijikuta namfikiria Sevastova alipokuwa akifunga begi lake mwaka 2016.

Sikumpigia baba mdogo. Tramu za kurudi zilijaa, nililala saa saba usiku.

Alhamisi, 18 Julai

Siku niliyoijia.

Nilifika mapema mno, saa moja na nusu asubuhi, geti la pembeni liko wazi, gari la maji ya kunywa linashusha mizigo. Kwenye uwanja mmoja wa nje yupo mzee peke yake na mpira wa maji begani, anamwagilia. Nilisimama kwenye uzio nikamtazama anavyofanya. Hakuelekeza maji ardhini. Alibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, akayarusha juu ili yaanguke kama manyunyu. Hivyohivyo ndivyo baba mdogo alivyonifundisha, kwa kofi la kisogoni, siku niliyochimba shimo kwa maji mbele ya mstari wa kuanzishia.

Nikamsalimu kwa Kiromania cha maneno mawili. Akanijibu kwa Kijerumani. Aliwahi kuvuna mboga ya asparagasi Ujerumani misimu kadhaa, mgongo ukamkatalia. Nikamwambia kazi yangu. Akanitazama viatu, sijui kwa nini viatu, kisha akanyanyua mnyororo wa geti.

Tulichuchumaa wote wawili. Hatimaye nikaugusa.

Udongo huu, kwa kweli, si udongo. Ni matofali na vigae vilivyosagwa. Chini kabisa kuna mawe ya kunyonya maji, juu yake kokoto au mabaki ya makaa yaliyoungua, kisha tabaka la kubeba, na juu ndipo vumbi lenyewe jekundu. Kwenye viwanja vya Roland Garros, Paris, vumbi hilo ni tabaka la milimita mbili hivi juu ya mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa. Milimita mbili! Watu wanaona bahari ya wekundu kwenye televisheni, na unene wake ni wa maganda ya chungwa. Zile chembe zilizolegea ndizo zinazoufanya mchezo uwe wa udongo: zinaushika mpira ukitua, zinaupunguza kasi, zinauinua juu mpaka begani, na zinamruhusu mchezaji ateleze hatua mbili za mwisho badala ya kusimama ghafla na kuvunja goti. Ukikauka sana, vumbi linapeperuka, uwanja unakuwa wa kasi na wa hatari. Ukiloa sana, mipira inakuwa mizito kama maembe. Kati ya hapo ndipo mtunza uwanja anapokula mkate wake.

Wa kwetu Moshi ni kitu kingine kabisa. Udongo wa kichuguu unachimbwa, unatwangwa, unachekechwa, unachanganywa na mchanga kidogo, unamwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli la zege. Ukikauka unakuwa kama sakafu ya jikoni ya bibi. Mzuri sana kwa miezi ya jua. Masika yakianza uwanja unakuwa bwawa, wachezaji wanahamia kwenye meza ya drafti, na baba mdogo anazunguka na ndoo na gunia akinyonya maji kwa mkono. Nilimweleza mzee habari za mchwa. Ilibidi nichore mdudu kwenye vumbi kwa kidole. Aliponielewa alicheka mpaka akashika kiuno, akarudia mara kadhaa: wadudu wanawajengea uwanja wa tenisi!

Nilimuuliza kuhusu joto. Akasema maji ya asubuhi hayafiki seti ya pili, ndiyo maana wanaingia tena baina ya seti, wanaburuta, wananyunyiza. Akanipa ule wavu wa kuburuta. "Zunguka," akasema. Nikazunguka kutoka nje kuja ndani, taratibu, mara ya mwisho nikatoka na nyayo zangu zikifutika nyuma yangu. Hakusema kitu. Alichota vumbi la akiba kwenye gunia kwa kopo la rangi tupu, akafunika kifuniko, akanipa.

Nikampigia baba mdogo palepale nje ya geti.

"Nimeugusa."

"Ehe!"

"Ukiuminya haushikamani. Unapita katikati ya vidole kama unga wa sembe."

"Na maji?"

"Yanapita. Mvua ikiacha, baada ya muda mfupi wanacheza."

Kimya kirefu. Niliisikia redio yake.

"Niletee," akasema.

Mechi za mchana nilizitazama pia, lakini macho yangu yote yalikuwa kwenye kona.

Ijumaa, 19 Julai

Robo fainali. Wenyeji wanaongelea jina moja: Patricia Țig. Alijifungua mtoto wa kike Novemba mwaka jana. Hapa ameanzia mechi za mchujo, kwa hiyo anapofika robo fainali ameshacheza mechi ambazo wenzake hawakuzicheza. Leo tena ameshinda. "Hai, Pati!" Hata mimi.

Baina ya mechi nilitembea mpaka kwenye lile jumba la Bunge la Ceaușescu, dikteta wa zamani wa Romania, si mbali. Linatajwa kuwa jengo zito kuliko yote duniani. Ili lijengwe, kuanzia miaka ya 1980, mtaa mzima wa zamani ulivunjwa, na nyumba na makanisa. Sikuingia ndani. Nililizunguka upande mmoja tu, nikachoka, nikarudi.

Chakula cha jioni: mămăligă. Ni ugali. Ni wa njano, laini kidogo, wanaula kwa uma na jibini, lakini ni ugali, na nilipoukata kwa mkono mhudumu alinitazama kwa heshima. Kosa langu lilikuwa tamaa. Nikaagiza na supu ya utumbo, ciorbă de burtă, yenye siki na malai, nikijiambia mtoto wa Moshi hashindwi na utumbo.

Jumamosi, 20 Julai

Mtoto wa Moshi ameshindwa. Nusu fainali nimezisikia kupitia ukuta, kwenye televisheni ya jirani. Kelele za kwanza nilijua Țig ameshinda. Nilikunywa maji na chumvi.

Jumapili, 21 Julai

Fainali: Patricia Țig na Elena Rybakina. Huyu wa pili ana miaka ishirini, amezaliwa Moscow, tangu mwaka jana anaichezea Kazakhstan, yuko nje ya mia bora duniani na hajawahi kushinda taji la daraja hili. Mrefu, zaidi ya mita moja na robo tatu. Uwanja wa kati umejaa, jua liko utosini, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili yake.

Ilikuwa fupi. Kwa kawaida udongo unamnyang'anya mpiga mpira mkali silaha yake, kwa sababu mpira unapungua kasi na mwenzake anapata muda wa kuufikia. Rybakina alipiga mipira bapa, iliyonyooka, na mwanzisho wake ulikuwa unatua na kuondoka kabla zile chembe hazijaushika. Țig alikuwa na miguu ya mtu aliyecheza wiki nzima tangu mchujo. Aliteleza kwenda kwenye mpira, akaufikia akiwa amechelewa nusu hatua, na kwenye udongo nusu hatua inaonekana: msitari mrefu wa kiatu, halafu hakuna kitu. Seti ya kwanza 6–2. Watazamaji waliimba jina lake kana kwamba wanasukuma gari kwenye mlima. Seti ya pili 6–0.

Walipokuwa wanaandaa meza ya zawadi nilimwona yule mzee wa Alhamisi pembeni ya njia ya kuingilia, mikono nyuma. Nilimpungia. Alinionyesha kwa kidevu kona ya kushoto, upande wa mbali. Nikaangalia. Hakuna bonde.

Jumatatu, 22 Julai

Gara de Nord. Kopo limo ndani ya soksi, soksi imo ndani ya kiatu. Treni imechelewa kuondoka, ninaandika nikiwa nimekaa juu ya begi. Nadhani nitarudi mwakani.

Yaliyofuata

Hapakuwa na mwakani. 2020 korona ilisimamisha tenisi miezi kadhaa, na Bucharest Open haikurudi tena. Miaka sita, kuanzia 2014 hadi 2019, mabingwa watano: Halep mara mbili, Anna Karolína Schmiedlová 2015, Irina-Camelia Begu 2017, Sevastova, na Rybakina. Agosti 2021 Romania ilijaribu tena udongo wa wanawake, safari hii Cluj-Napoca, kwa jina la Winners Open. Mayar Sherif wa Misri alifika fainali pale, Mmisri wa kwanza kufika fainali ya mzunguko huo, akafungwa na Andrea Petkovic 6–1, 6–1. Mashindano hayo yalifanyika mara moja tu. Wanaume walirudi Bucharest mwaka 2024.

Țig alipata taji lake la kwanza Istanbul, 2020, kwenye udongo. Rybakina ndiye huyohuyo aliyeshinda Wimbledon 2022 mbele ya Ons Jabeur wa Tunisia, wiki ileile ambayo Mkenya Angella Okutoyi alichukua taji la wasichana la wawili wawili palepale. Nilitazama fainali hiyo klabuni, na wazee wa saa kumi waliponiuliza namjuaje huyu dada mrefu, niliwaambia nilimwona akiwa hana mtu hata mmoja uwanjani. Hawakuniamini.

Kopo nililifikisha Moshi Desemba ile ya 2019. Baba mdogo alilifungua barazani, akamimina kidogo kwenye kiganja, akanusa, akaweka chembe kwenye ulimi. Akatema.

"Hili ni tofali."

"Ndiyo. Limesagwa."

"Umenibebea tofali kutoka Ulaya." Aligeuka akatazama nyuma ya jiko, kwenye lundo la matofali ya kuchoma yaliyobaki walipojenga choo, yameota nyasi. Akatazama tena kiganja chake.

"Ninyi huko mnaweka kiasi gani kwa uwanja mmoja?"

"Kila mwaka tunaongeza tani mbili hivi. Gunia hamsini za kilo arobaini."

Hakujibu. Alijifuta mkono kwenye suruali, ukaacha alama nyekundu, akaenda kwenye lile lundo na kuanza kuhesabu.